Koki Nyekundu ya Karavani

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Zipora, mhudumu wa zahanati, alifungua koki yenye doa jekundu na kuisikiliza. Sinki la karavani lilikuwa na koki mbili. Yenye doa la bluu ilitoa maji, alimradi tangi la nje lisiwe tupu. Yenye doa jekundu haikuwahi kutoa kitu tangu karavani lifike Nyabulolo. Ilikohoa mara moja, kama mzee aliyetaka kusema neno akaghairi, kisha ikanyamaza. Zipora aliifunga, akamweka mwanawe Davis kwenye mkeka chini ya meza ya dawa, akampa kifuniko cha sufuria achezee, akaanza kufagia.

Karavani lililetwa na watafiti wa madini, wakati huo Zipora mwenyewe bado yuko shule ya Kalangalala anasoma masomo ya jioni, kalamu mkono mmoja, shavu mkono mwingine. Watafiti walilala humo, wakatoboa ardhi vishimo vyembamba, wakatia mawe kwenye vifuko, wakagundua kwamba dhahabu ya Nyabulolo imehamia upande wa pili wa kilima. Nao wakahama. Karavani halikuweza kuwafuata kwa sababu matairi yake yalikwisha kuota mizizi, na mzizi mmoja ulikuwa umefika kisimani. Basi likatolewa msaada kwa zahanati, mbuzi akachinjwa, na tangu siku hiyo likawa chumba cha kujifungulia, kwa muda tu, wakati wodi ya wazazi inajengwa.

Wodi yenyewe ilionekana vizuri kupitia kidirisha cha karavani. Kuta zake zilifika kwenye linta zikakaa hapo. Mboga ya maboga ilipanda ukuta, ikatambaa juu ya linta, ikaning'iniza maboga mahali ambapo taa zilipaswa kuwa. Nesi Eufrasia, mkuu wa zahanati, aliyachuma na kuwapikia wazazi. Alisema wodi ile imeshahudumia watu wengi sana, ila inawahudumia ikiwa ndani ya sufuria.

Kilichomkosesha Zipora raha ni maji ya moto. Nyabulolo mwanamke hajahesabiwa kuwa amejifungua mpaka akandwe. Anakalishwa kwenye kigoda, kitambaa kinachovywa kwenye maji ya moto, kinakamuliwa, anakandwa tumbo na mgongo na nyonga mpaka mifupa irudi mahali pake, huku wanawake wakimsimulia yaliyotokea kijijini alipokuwa hayupo, maana mtu aliye kwenye uchungu huhesabiwa kuwa alisafiri. Nyumbani kwa mama mkwe maji hayo yapo. Kwenye karavani hayakuwepo. Jiko lake la gesi waling'oa watafiti wakaondoka nalo, tundu likazibwa kwa kifuniko cha kopo la biskuti. Moto wa kuni ulikatazwa pale uwanjani, kwa kuwa karavani ni mbao nyembamba na plastiki, na pazia lake lilikwisha kushika moto siku moja. Kwa hiyo wanawake wengi walijifungulia nyumbani, kwenye maji ya moto, na wengine walifia huko huko, kwenye maji ya moto.

Nyamizi nusura awe mmoja wao. Alikuwa mke wa Ndaki, kijana anayeshuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, ng'ambo ya kilima. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa mama mkwe, na damu ikakataa kukatika. Zipora ndiye aliyekaa nyuma yake kwenye bodaboda mpaka hospitali ya Runzewe, amemkumbatia kama gunia linalovuja, akiongea naye njia nzima asilale. Nyamizi alirudi. Mtoto hakurudi. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kuonekana tena, na kila Zipora alipomwona anateka maji, mikono yake yenyewe ilikumbuka uzito ule.

Siku moja alimkuta mama mkwe kisimani.

"Shikamoo, Bibi Mageni."

"Marahaba, Mama Davis. Mbona unanitazama kama mdai?"

"Ni Nyamizi, mayu, mama yangu. Safari hii mlete kwetu."

"Kwenu kuna nini?"

"Kuna Nesi. Kuna sindano ya kuzuia damu."

"Na maji ya moto?"

Zipora alitazama ndoo yake.

"Ng'wanone, mwanangu, mimi sigombani na sindano," alisema Bibi Mageni. "Lakini mtu atoke kuzaa, mummwagie maji ya baridi kama mnaloweka muhogo? Wewe Davis ulimzalia wapi?"

"Kwa mama."

"Ulikandwa?"

"Nilikandwa."

"Na yeye ni mtu. Siku ile koki yenu nyekundu itakapotoa maji ya moto, nitamleta mwenyewe na kigoda nitabeba."

Siku hiyo hiyo, Davis mgongoni, Zipora alikwenda senta kwa Akida. Akida alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa asili ya Tanga ambaye baba yake alifika na lori la chumvi na hakuona sababu ya kugeuza. Alitengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kwa sababu ya kelele za mashine hizo alizoea kuongea kwa sauti hata msikitini.

"Shikamoo, Baba Amira. Nataka maji ya moto kwenye karavani. Ya watu wasio na kitu."

"Marahaba. Ya watu wasio na kitu ni jua," alisema Akida. "Jua halijapandishwa bei bado. Lete pipa."

Alilipaka pipa rangi nyeusi, akalipandisha juu ya paa la karavani, akalizungushia mpira mweusi wa maji uliojikunja kama chatu aliyeshiba. Chini ya pipa palihitajika bati pana la kung'aa, la kukusanya jua na kulisukuma juu. Bati hakuwa nalo. Alichokuwa nacho nyuma ya banda ni vipaza sauti viwili vikubwa, vya umbo la tarumbeta, alivyovitoa kwenye gari la matangazo lililofia mkononi mwake. Gari lile lilikuwa limefanya kampeni zote kata nzima mpaka injini ikakauka. Akida alivikata vile vipaza sauti, akavinyoosha kwa nyundo, akaviunganisha, akapata bati zuri lililobonyea kidogo katikati. Bomba likashuka kutoka kwenye pipa, likapita ukutani kando ya kitanda cha wazazi, likaingia kwenye koki nyekundu.

Mtambo haukufanya kazi. Vumbi la makarasha lilipanda na upepo na kutua juu ya bati kabla ya saa nne asubuhi, likalifunika kama unga. Zipora alipanda kulifuta, likafunikwa tena angali kwenye ngazi. Maji yaliyotoka yalikuwa na joto la salamu ya mtu mliyegombana naye.

Lakini habari ya mradi ilikuwa imeshafika kwa diwani. Mheshimiwa Cornel hakupitwa na kitu kinachoweza kuzinduliwa. Alikuja na viti vyake. Utepe ulikosekana, Nesi Eufrasia akatoa bendeji. Diwani aliikata, akajifuta jasho, akaegemea ukuta wa karavani kwa kiganja na kusema:

"Ndugu zangu wa Nyabulolo, wodi yetu ile pale, kabla mvua za masika hazijaanza, itakuwa imepauliwa. Na hiyo siyo ahadi. Hiyo ni taarifa."

Juu ya paa pipa lilisafisha koo. Mpira mweusi ulijinyoosha, ukajikunja. Mvuke ukatoka kwenye kifuniko, mwembamba, kisha mnene, na ndani ya karavani koki nyekundu, ambayo Zipora alisahau kuifunga asubuhi, ikatema kutu, ikatema mjusi mmoja aliyekasirika, ikaanza kutoa maji ya moto.

"Imeshika," alisema Akida.

Watu wakapiga makofi. Diwani alidhani anapigiwa yeye, akaongeza kisima cha pili na umeme, na pipa likachemka mpaka kifuniko kikawa kinarukaruka. Mwanamke mmoja wa mialoni, huko kwa wavuvi, aliyekuwa amejifungua alfajiri alikandwa hadi akasinzia amekaa.

Kesho yake jua lilikuwa kali kuliko jana, na maji yalikuwa baridi kama zamani. Zipora alifuta bati, akakagua mpira, akapuliza bomba. Alikuwa anasuuza vitambaa kwenye sinki, mikono imezama, mtendaji wa kijiji alipopita nje na pikipiki na kuegemea ukuta kuongea na Nesi.

"Vipi ile barabara, mtendaji?" aliuliza Nesi Eufrasia. "Mgonjwa akitoka hapa kwenda Runzewe anafika ameshazaa."

"Greda linakuja wiki ijayo, Nesi."

Maji yakapata moto mikononi mwa Zipora. Si moto sana. Moto wa mtendaji.

Alitoka na mikono inayochuruzika. "Mtendaji, hebu sema tena kuhusu greda."

"Linakuja. Nimeongea nao mwenyewe."

Pipa likaguna. Zipora alirudi ndani akamalizia vitambaa vyake, kwa kuwa maji yakipatikana huwa hayasubiri.

Akida aliitwa, akapanda, akaligonga bati kwa kidole na kulisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. "Hili bati limelishwa ahadi tangu lilipotoka dukani," alisema. "Ndicho chakula lilichokizoea. Jua halilijui. Ukitaka nikubadilishie, nitatafuta jingine."

"Jingine litachemsha?"

"Jingine litapata vumbi."

Wakaliacha.

Muda si mrefu kijiji kizima kikawa kimeujua mtambo. Neno "tutaliangalia" lilitosha kunawa mikono. "Tupo kwenye mchakato" lilijaza beseni moja la vuguvugu. "Nitalisimamia mimi binafsi" liliogesha mtoto. Ahadi yenye tarehe ilichemka, na yenye tarehe pamoja na kiapo ilibidi ichanganywe na ya koki ya bluu. Iwapo aliyeahidi alikuwa na nia na uwezo wa kutimiza, bomba lilibaki baridi. Hilo lilitokea mara moja, mwalimu mkuu aliposema ataleta viti vya shule kwa ajili ya mkutano, na akaleta.

Wanawake walijua pia kuyatofautisha. Bibi Mageni, ambaye alikuja kukagua mwenyewe na mkongojo wake, aliyaonja kwa ncha ya ulimi.

"Haya ya barabara," alisema. "Yana vumbi. Jana walikuwa na ya gari la wagonjwa, nimeambiwa yale ni laini."

"Kwa hiyo, mayu?"

"Neno langu ni lile. Yakiwepo, namleta."

Palikuwa na usumbufu mdogo. Wasichana walianza kuwaleta wachumba wao, vijana wa maduarani, wawaegemeze kwenye karavani na kuwauliza ng'ombe wa mahari wataletwa lini. Ahadi ya kijana ilitoa kikombe kimoja tu, kwa sababu kijana ana kidogo cha kunyima watu. Lakini kikombe kilitosha kuvunja uchumba. Ndaki, mume wa Nyamizi, alipita kwa mbali akiwa amebeba sururu, na alipoitwa alisema anawahi. Zipora naye alijaribu. Alishika bomba akaahidi kwa sauti kwamba atapaua wodi nzima kwa mabati ya rangi. Yakatoka matone matatu ya moto na unyevu kidogo. Mtu mdogo hawezi kudanganya kwa wingi.

Kisha zikaja kampeni. Wagombea walipita watatu kwa siku moja, kila mmoja na muziki wake, na kila mmoja alitaka kusimama mbele ya ile wodi isiyo na paa kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Kifuniko cha pipa kiliruka kikakutwa kwenye shamba la mihogo la kanisa. Watu walikuja na ndoo, na muuza chai wa senta aliacha kununua mkaa. Nesi Eufrasia alisimama mlangoni kulinda zamu za wazazi, akipiga kelele, "Haya ni maji ya kukanda mtu, jamani, siyo ya kunyonyolea kuku!" Msimu ule wanawake wote wa Nyabulolo walijifungulia kwenye karavani. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Zipora alikuwa akilala bila kuota bodaboda.

Wataalamu walifika kutoka mjini, vijana wasafi wenye vipimo. Walipima jua, walipima vumbi, wakakubaliana kwamba maji hayawezi kuwa moto, kisha wakanawa. Mkubwa wao alisema mtambo huu utakuwa mfano kwa zahanati zote, na yakachemka vizuri. Zipora akaona ndiyo nafasi.

"Samahani, kaka. Na wodi yetu?"

Yule mtaalamu alitazama maboga kupitia kidirisha. "Dada yangu, niwe mkweli. Wodi ilikuwa kipaumbele mlipokuwa hamna huduma. Sasa mna huduma nzuri na maji ya moto. Hapa hapatajengwa kitu."

Bomba likawa baridi ghafla hata likatoka jasho. Davis alilishika akacheka, kwa kuwa hakuwahi kugusa kitu baridi namna ile. Ilikuwa mara ya kwanza ofisi kusema jambo na bomba likakubaliana nayo.

Uchaguzi ukapita. Mheshimiwa Cornel akarudi kwenye kiti chake, na kama ilivyo kwa mtu aliyerudi kwenye kiti chake, hakuonekana tena. Mtendaji alihamishwa, na aliyekuja badala yake alikuwa mtu mwoga asiyesema chochote, hata hali ya hewa. Pipa likapoa. Ndege wakajenga ndani ya kifuniko. Zipora alirudia desturi yake ya kufungua koki nyekundu asubuhi na kuisikiliza ikikohoa, na wanawake, mmoja mmoja, wakarudia nyumba za mama wakwe zao. Kwenye nyumba mojawapo mama alikutwa asubuhi ameshapoa, na sufuria ya maji jikoni bado ya moto.

Uchungu wa Nyamizi ulianza mchana, wakati watu wanaanika dagaa. Bibi Mageni alimleta, akitaka kuijaribu koki kwa mkono wake kabla ya kuamua. Alikuwa amebeba kigoda kichwani, kwa kuwa alikuwa amesema atakibeba. Alimkalisha mkwewe kwenye ngazi ya karavani, akaingia moja kwa moja kwenye sinki, akafungua koki nyekundu. Ikakohoa.

"Haya," alisema Bibi Mageni. "Inuka, Nyamizi. Tunarudi."

"Mama, siwezi," alisema Nyamizi.

"Utaweza. Kwenye maduara ya mume wako watu wanapanda na kiroba mgongoni."

Zipora alisimama mlangoni. Mlango wa karavani ni mwembamba, mtu mmoja na nusu anauziba. "Mayu, mtoto akitoka, maji ya moto yatakuwepo. Nakuahidi."

Bila haraka, Bibi Mageni alinyoosha mkono akalishika bomba ukutani. Nyamizi naye alisahau uchungu akalitazama. Nesi Eufrasia alikuwa anavaa glavu, akasimama na glavu moja.

"Baridi," alisema Bibi Mageni.

Akateremsha kigoda, akakaa.

Mtoto alitoka kabla dagaa hawajakauka upande wa pili, wa kike, mwenye sauti ya muuza samaki. Na nyuma yake, kama safari ile, ikaja damu. Nesi Eufrasia alichoma sindano, akaweka kiganja juu ya tumbo, akaanza kulisugua kwa nguvu, macho ameyaelekeza kwenye maboga ya nje ambayo hakuwa anayaona. Zipora alishika uso wa Nyamizi kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Mama Davis," alisema Nyamizi, "safari hii nisikie ukisema. Kule kwenye bodaboda uliongea njia nzima, lakini hili hukulisema."

Zipora alijua ni lipi. Kwenye bodaboda hakulisema kwa sababu hakuwa na uhakika, na sasa pia hakuwa nao, na ukutani palikuwa na bomba.

"Hutakufa, Nyamizi," alisema.

Bibi Mageni hakuwa ameliachia bomba tangu mchana. Alilibana, akabadilisha mkono, akaweka na shavu.

"Baridi," alisema. "Baridi kabisa, ng'wanone. Kama jiwe la kisimani."

Nesi Eufrasia aliendelea kusugua. Baada ya muda damu ikapungua, kisha ikawa ya kawaida, kama ambavyo bomba lilikuwa limekwisha sema. Nyamizi aliomba uji. Bibi Mageni alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akakiweka kigoda katikati ya chumba, akakunja mikono.

"Sasa, Mama Davis. Maji yangu."

Zipora alichukua simu akapanda kwenye ngazi ya juu, mahali pekee ambapo mtandao ulishika, akaiweka kwenye spika na kuibana kwenye bomba mahali linapoingia ukutani. Iliita sana.

"Nani?" ilisema sauti ya chini ya Mheshimiwa Cornel.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ni Mama Davis wa zahanati ya Nyabulolo."

"Marahaba. Mama Davis, niko semina huku Dodoma. Tunafundishwa kutotoa ahadi ovyo. Siwezi kuongea."

Bomba lilikuwa baridi. Zipora aliuma mdomo.

"Pole na kazi, Mheshimiwa. Ni watu tu huku wanakuulizia."

Viti vilisikika vikisogezwa, mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Sauti ilirudi ikiwa imepanuka. "Wananiulizia?"

"Wanasema labda wodi umeisahau."

"Nani anasema? Waambie mabati yako njiani!"

Mjusi alitoka kwenye bomba la paa akahamia mtini. Ndani Bibi Mageni aliita, "Vuguvugu!"

"Njiani wapi, Mheshimiwa?"

"Yameshapita Shinyanga. Ninavyoongea na wewe yako Runzewe."

"Yanapanda!" aliita Bibi Mageni.

"Na mafundi?"

"Mafundi nimewapata. Jumatatu saa mbili asubuhi wapo juu ya ukuta, na mimi nitakuwepo na nyundo yangu. Haki ya Mungu, Mama Davis."

Pipa liliunguruma hata ndege wakahama na kiota chao. Kwa kidirisha Zipora alimwona Bibi Mageni akichovya kitambaa, akikikamua, akipuliza vidole, na mgongo wa Nyamizi ukilegea chini ya mvuke. Nesi Eufrasia aliongeza ya koki ya bluu. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na Davis, aliyekuwa akimpa kifuniko cha sufuria. Bibi Mageni alikwisha anza kusimulia: nani ameposa, ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani, kwa Asteria kumeibwa jogoo. Upepo wa jioni ulitikisa majani ya maboga juu ya linta.

"Maji mazuri," alisema Nyamizi, macho amefumba. "Ya nini haya?"

"Ya paa," alijibu Bibi Mageni. Akatoa kichwa mlangoni. "Mama Davis! Huyo ndiye Mheshimiwa? Mwambie wabeja, asante sana. Mwambie asibadilike."

Zipora alimfikishia. Mheshimiwa Cornel alifurahi sana. Alisema tena mambo ya kisima cha pili, akaingia kwenye umeme, akaanza kueleza gari la wagonjwa litakuwa la rangi gani. Zipora hakuikata simu. Aliichomeka kati ya bomba na ukuta isianguke, akashuka kukusanya mashuka. Kulikuwa bado na nguo nyingi za kufua.